Kalori Elfu Moja

Damu ilimtoka Mihayo puani mbele ya mizani ya sangara, pale mwaloni Kirumba mitumbwi inaposhushia samaki, jua likiwa utosini. Ilianza kwa tone, kisha ikamwagika, ikalowesha shati lake jeupe na kuwadondokea samaki aliokuwa akiwapima kwa niaba ya kiwanda kimoja cha minofu cha Nyakato. Wachuuzi walicheka, wakidhani ni damu ya samaki. Alipopiga magoti ndipo waliponyamaza. Wapagazi wanne walimbeba hadi kwenye gari, na kila mmoja aliulalamikia uzito wake njia nzima.

Hospitalini alipimwa presha. Daktari akatikisa kichwa, akamwandikia dawa, kisha akampeleka kwa Bi Kokuberwa, mtaalamu wa lishe, mwanamke wa Kihaya mwenye sauti ya upole na maneno yasiyokuwa na upole wowote.

"Kilo mia moja na kumi na nane," alisema. "Baba yako yu hai?"

"Alipooza, akafa."

"Alikuwa mnene?"

"Alikuwa mtu aliyeshiba."

"Basi umenijibu, Mzee Mihayo. Sasa sikiliza. Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori. Mwili wako, kwa kazi yako ya kusimama kando ya mizani na kuwaamuru wengine, unatumia kama elfu mbili na mia sita kwa siku. Wewe unakula kupita elfu nne. Nakuwekea elfu mbili. Utapungua kama nusu kilo kwa wiki, taratibu, na mwili hautashtuka."

"Nusu kilo? Hicho ni kichwa cha sato."

"Ni mafuta yako, si kichwa cha sato."

"Ninyi Wahaya mnahesabu hata ndizi zilizo mgombani."

"Na ninyi Wasukuma hamhesabu mpaka mwiko ugonge sufuria tupu." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Elfu mbili. Bonge la ugali la ukubwa wa ngumi yako lina karibu mia tatu. Kijiko kikubwa cha mafuta peke yake kina zaidi ya mia. Utajifunza. Lakini usishuke chini ya hapo kwa haraka zako. Ukishuka sana, mwili utaila nyama yake wenyewe. Miguu italegea, na hizo dawa za presha zitakuangusha."

Mihayo aliitikia kwa adabu, akatoka. Lakini tangu serikali ilipoifungulia milango biashara na magari ya barafu kuanza kupigana vikumbo kugombea sangara, yeye alikuwa amejifunza jambo moja kuliko yote: bei inayotajwa kwanza siyo bei. Mvuvi hutaja, mnunuzi hushusha, na atakayeridhika na neno la kwanza ni mjinga. Hivyo ndivyo alivyoipokea namba ya Bi Kokuberwa. Kabla hajafika kwake Kiseke alikwisha kuishusha elfu mbili, akaifikisha elfu moja, akajiona ameshinda mapatano. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba siku ile aliyebishana naye hakuwa mvuvi, bali ni damu yake mwenyewe.

Mkewe alikuwa amefariki. Aliyekuwa akimpikia ni Kija, shangazi yake aliyemlea, mwanamke mkavu mwenye mgongo uliopinda na macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Mihayo alimweleza kila kitu, akampa kikombe cha kupimia unga.

"Na mtu yeyote asijue," alisema.

"Kwa nini asijue?"

"Wavuvi humwamini mtu aliyejaa. Na wakisikia kwamba napimiwa ugali kwa kikombe kama mtoto aliyeachishwa ziwa, watanicheka mpaka Nansio kisiwani."

"Wacheke. Kicheko hakivunji mfupa. Mimi macho yangu haya mekundu yamekwisha kuniletea jina la uchawi, Mihayo. Ukikonda mikononi mwangu watasema nini? Mwambie walau mdogo wako."

"Nitamwambia."

Hakumwambia.

Alikonda upesi kuliko alivyotarajia. Mwaka haukuisha, suruali zilimvuka, mashavu yakazama, shingo ikawa ya kuku aliyenyonyolewa. Akiinuka kitini dunia ilimzunguka. Akipanda ngazi tatu za baraza lake alishika ukuta. Bi Kokuberwa alikuwa amemtaka arudi apimwe, naye hakurudi, kwa kuwa alijua atakavyokemewa. Usiku aliota nyama choma. Mchana alikuwa mkali kwa wapagazi, na siku moja alimpiga kofi kijana wa barafu kwa kosa ambalo hata mwenyewe hakulikumbuka baadaye.

Katika miaka ile, mtu akikonda kando ya ziwa, watu walinong'ona ugonjwa mmoja tu. Kwa Mihayo, mtu wa nyumbani asiyekuwa na habari za wanawake, mnong'ono huo haukushika. Ukashika mwingine, wa uchawi.

Malimi, mdogo wake, alikuwa akimpenda kuliko alivyompenda baba yao. Alikuja mara kwa mara na kukaa uani akitazama. Alimwona shangazi akichota unga wa Mihayo peke yake, akiusawazisha kwa kidole, akihesabu kwa sauti ya chini, kisha kuusonga katika kisufuria ambacho mwingine yeyote hakuruhusiwa kukigusa. Alimwona akikamua mafuta kutoka kwenye kipande cha samaki na kuyamwaga nyuma ya jiko.

"Kaka, unaumwa?" aliuliza.

"Siumwi."

"Kaka, niambie mimi."

"Nimesema siumwi. Niambie wewe habari za nyavu."

Malimi aliondoka akilia. Alikwenda kwa mganga mmoja mbali na mji, na mganga akamwambia maneno ambayo tayari alikuwa nayo moyoni: mkono ulio karibu na chungu ndio unaommaliza ndugu yako.

Walikuja jioni ya Jumamosi, watu watatu: Malimi na wawili wa kukodiwa, wenye mapanga yaliyonolewa upya. Kija alikuwa amechuchumaa jikoni, unga mbele yake. Hawakumsalimu. Wa kwanza alimshika ukosi, akamburuta hadi uani. Sufuria likapinduka, maji ya moto yakamwagikia miguu yake. Hakupiga kelele. Aliinua mkono wa kulia kuukinga uso, na panga likashuka juu ya mkono ule. Vidole viwili vilianguka mavumbini. Hapo ndipo alipopiga ukelele, mmoja tu, ambao majirani waliusikia hadi barabarani.

"Sema ulichomlisha!" Malimi alifoka. "Sema!"

Mihayo alikuwa amesinzia barazani. Aliamka, akaona damu, akaruka kama mtu aliyekuwa na mwili wake wa zamani. Miguu ikakataa. Alianguka kifudifudi kwenye ngazi, meno yakapasua mdomo. Alijaribu kusimama, akaanguka tena. Mtu aliyewahi kubeba sangara wawili wakubwa, mmoja kila bega, alitambaa kwa viwiko katika ua wake mwenyewe, akimwona mtu akiinua panga mara ya pili, asiweze kufika.

Alifika kwa kujiviringisha. Akajitupa juu ya shangazi yake, na panga likamwingia begani, likakwama katika mfupa. Mkodiwa aliweka mguu juu ya mgongo wake ili alichomoe.

"Huyo ni kaka yangu!" Malimi alipiga yowe, akamrukia mtu wake mwenyewe, wakaumana kama mbwa.

Filimbi zililia nje. Sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa, walikuwa wameitikia ukelele, wakaingia kwa pinde na marungu, wakiongozwa na mtemi wao, Chenge, mzee mfupi mwenye koti la kijeshi. Mkodiwa mmoja aliruka ukuta. Mshale ukampata paja, akaanguka upande wa pili akilia. Mwingine alipigwa rungu la magoti.

Lakini hatari haikuwa imeondoka. Watu walijaa uani, wakautazama mwili wa Mihayo: mbavu zake, damu yake, na yule kizee mwenye macho mekundu chini yake. Manung'uniko yakaanza, kisha sauti moja ikasema wazi:

"Panga ni kosa. Lakini huyu mtu ameyeyuka mbele ya macho yetu. Nani aliyemyeyusha?"

Upinde mmoja ukainuka tena, na safari hii mshale ulimwelekea Kija. Chenge hakuukataza. Alichuchumaa karibu na Mihayo.

"Jibu, ngosha. Watu hawa sitawazuia kwa muda mrefu. Ni yeye?"

Mihayo alitema damu. Alitazama nyuso: wavuvi aliowajua, wapagazi waliombeba, kijana wa barafu. Kila ambaye hakutaka ajue alikuwa amesimama pale.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe umejiroga?"

"Nimejinyima. Hospitali waliniambia nipungue. Kuna kipimo cha chakula, kalori. Walinipa elfu mbili kwa siku. Nikaona nyingi, nikazishusha mpaka elfu moja. Shangazi nilimlazimisha anipimie kwa kikombe. Alinikataza. Nikamwambia asiseme."

"Kwa nini asiseme?"

"Nilihofia mtanicheka."

Mpagazi mmoja, aliyewahi kuubeba uzito ule siku ya damu ya puani, akauliza taratibu, "Yaani una samaki wote wa Mwanza, na njaa ni ya kwako?"

Mtu akacheka. Akafuata mwingine. Kicheko kikapita uani kwa nguvu, kikali, kisichokuwa na huruma, watu walishika mbavu, wakarudia, "Alibishana bei na daktari, naye akamuuzia nusu." Mwenye upinde alicheka mpaka mshale ukamdondoka. Mihayo alilala chini ya kicheko hicho, uso wake juu ya nywele za shangazi yake, akakisikiliza chote, na hakuomba kikome.

Kilikoma chenyewe Kija alipouinua mkono, wakaona kilichobaki.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Basi nifungeni, damu inaniishia."

Bi Kokuberwa alikuwa zamu walipowafikisha hospitalini. Alimtazama Mihayo akishonwa bega, akaushika mkono wake uliobaki ngozi na mishipa, na ule upole wa sauti haukuwapo.

"Ulikula ngapi?"

"Elfu moja."

"Nilikuambia ngapi?"

"Elfu mbili."

"Kuanzia leo hadi kidonda kifunge, hata hizo ni chache, utakula nitakachokupa. Baadaye utashuka tena taratibu. Na hutashusha peke yako."

"Sitashusha."

Wakodiwa walikabidhiwa polisi, na Malimi pamoja nao. Kesi ilifunguliwa. Malimi alipopewa dhamana, Chenge aliitisha kikao cha sungusungu, akamuuliza Kija, mbele ya watu, anataka nini kwa aliyemletea panga. Wengi walitarajia atengwe, asiuziwe chumvi wala kupewa moto.

"Atasonga ugali," Kija alisema. "Mkono wangu haushiki mwiko. Atasonga wa kaka yake, kwa kipimo, na wa kwangu, uani, mlango wa nje ukiwa wazi."

Mwanamume kusonga ugali hadharani! Vijana waliguna. Malimi aliinamisha kichwa, akakubali.

Akaja kila jioni. Wapita njia walisimama mlangoni wakimwita mke wa Mihayo, naye akaendelea kusonga. Jasho na machozi vilimchuruzika pamoja. Mihayo alikaa barazani, akanenepa kidogo, kisha akaanza kupungua kwa mwendo ule aliousema mtaalamu, mwendo wa nusu kilo, ambao jicho la jirani haliuoni.

Kija alikaa kwenye kigoda chake, mkono wa vidole vitatu ukiwa mapajani.

"Ongeza unga," alimwambia Malimi. "Huo haujafika elfu mbili. Unataka kumuua?"

"Hapana, Shangazi."

"Songa, basi."

Alisonga. Naye Kija, tangu jioni ile ya Jumamosi mpaka alipokufa kwa uzee wake, hakuthubutu kumpa Malimi mgongo hata mara moja.