Roboti Iliyofundishwa Heshima

Boza la maji liliingia kwenye karakana yangu pale Kanazi asubuhi, likichuruzika barabara nzima kama ndoo iliyotoboka. Ilikuwa miaka ile kambi za wakimbizi zilipojaa, na boza moja likilala bila kazi, watu wengi mno walikosa maji. Dereva wake, Yahaya, kijana wa Ngara mjini ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, aliteremka, akainama chini ya tangi, kisha akautazama mkono wangu wa kulia.

"Fundi Protasi, umepona?"

"Mfupa umeunga."

"Sikuuliza mfupa. Mkono wenyewe naona unanikatalia kabla sijatoa kazi."

Sikukasirika, kwa sababu alisema kweli. Masika yaliyopita springi ya lori iliniangukia. Mfupa ulipona, lakini vidole vilibaki vinatetemeka, na kwa mtu anayeishi kwa kuchomelea vyuma huo ni msiba. Wateja walianza kupunguza mwendo mbele ya karakana, kutazama, na kuendelea na safari. Suleman, muuza vipuri wa mjini, alikuwa ameniomba nimuuzie mashine yangu ya kuchomelea pamoja na jenereta, na habari hiyo Yahaya alikuwa ameshaisikia. Usiku uliotangulia nilimwambia mke wangu Domisiana kwamba kazi itakayofuata ndiyo itakayoamua. Ikivuja, namwita Suleman.

Kazi yenyewe ndiyo hii, tangi la maji, ambalo haliwezi kuficha kosa la fundi.

Yahaya hakuja peke yake. Upande wa pili aliteremka mtu mzima mrefu, mwenye koti lililofifia na kibali cha kutoka kambini kikichungulia mfukoni. Aliitwa Niyibizi, Mrundi, fundi wa mabomba kule kambini. Kihangaza chetu na Kirundi chake ni lugha za mama mmoja, lakini kwa ajili ya Yahaya tulizungumza Kiswahili.

Niyibizi alipitisha kidole kwenye mshono wa chini uliopasuka. "Anaweza," alisema.

"Huyu?" Yahaya alishangaa. "Mzee, huyu akishika kikombe chai inakwisha kabla haijafika mdomoni."

"Nimefanya kazi na fundi asiyeona kabisa. Alikuwa hakosei."

Tulimtazama. Akakaa juu ya tairi na kutueleza taratibu. Ujanani alipelekwa Ulaya kusomea ufundi, akabaki miaka kadhaa katika kiwanda cha magari. Huko alizikuta roboti. Si watu wa bati kama watoto wanavyowachora, alisema, bali mikono mikubwa ya chuma iliyofungwa sakafuni, yenye bega, kiwiko na kifundo. Mikono mingine ilichomelea mabati ya gari, mingine ikabeba vioo vya mbele na kuvipachika, mingine ikapaka rangi.

"Inakula nini?" Yahaya aliuliza.

"Umeme."

"Mshahara?"

"Haidai."

"Likizo? Msiba wa shangazi?"

"Haina shangazi."

"Basi tafadhali, tajiri wangu asisikie habari hizi."

Nilicheka, lakini nilikuwa na swali langu. "Kama haioni, inajuaje pa kuchomelea?"

"Haijui. Bati linabanwa mahali pake kabla. Likisogea upana wa kidole tu, roboti itachomelea hewa na kujiona imemaliza. Siri ni kubana kazi vizuri, halafu mkono kupita njia ile ile."

Mimi ufundi nilijifunza kwa kutazama na kuharibu, kwa hiyo neno jipya nikilipata hulijaribu hapo hapo. Nikajiambia: kumbe dawa ni kubana. Nikachimbia nondo ardhini karibu na meza, nikaufunga mkono wangu kwenye nondo ile kwa mipira ya tairi, kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo. Nikawasha jenereta, nikashika ngao ya uso kwa mkono wa kushoto, nikaanza kujaribu kwenye kipande cha bati chakavu.

Mtetemo wote uliozuiwa kwenye mkono ulihamia vidoleni. Bati likatoboka, na nilipojaribu kusogea mbele nikashindwa, maana nilikuwa nimefungwa.

"Mtu kajifunga mwenyewe kama mbuzi wa mnadani," Yahaya alisema. "Bado bei tu."

Nilifungua mipira. Moyoni nilikwisha kumwona Suleman akipakia mashine kwenye pikapu yake.

Hapo Domisiana akaja na uji. Alimwamkia Niyibizi, "Shikamoo, baba," akaitikiwa, kisha akampa bakuli kama tunavyompa mtu wa heshima: bakuli katika mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia kwa chini. Bakuli lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Alivuka nalo mawe, vipande vya chuma na nyaya za mashine yangu, na uji haukumwagika hata kidogo.

Niyibizi hakupokea. Alibaki anautazama mkono ule.

"Baba, uji una kasoro?" Domisiana aliuliza.

"Hapana, mama. Umenikumbusha kitu." Akapokea kwa mikono miwili, akaanza kucheka peke yake. "Ile roboti ya rangi ilifundishwa kwa kushikwa mkono. Mtu anauongoza mkono wa chuma mbele ya mlango wa gari, anapaka kama anavyopaka yeye, na mashine inakumbuka. Ukiiachia, inarudia njia ile hadi jioni. Siku nilipopewa mimi kuifundisha niliogopa. Mashine ile ilikuwa na thamani kuliko tarafa yetu nzima. Mkono wangu wa kulia ukaongoza bomba la rangi, na wa kushoto, bila mimi kujua, ukaenda chini ya kiwiko chake cha chuma. Msimamizi akaniuliza, 'Unaiamkia?' Kiwanda kizima kikacheka. Lakini milango ilitoka haina hata mchirizi. Kesho yake wenzangu wote walikuwa wanaishika kiwiko."

"Kwa hiyo kuna roboti Ulaya ina adabu za Kirundi," Yahaya alisema.

"Na za Kihangaza," mke wangu akamjibu.

Nikaitazama ngao niliyozoea kuishika kwa mkono wa kushoto. Miaka yote mkono huo ulikuwa na kazi moja tu, kunizuia nisiungue macho. Nikachukua ile mipira ya tairi niliyojifungia, nikaifungia ngao kichwani. Mkono wa kushoto ukawa huru.

Tulilala chini ya tangi, mimi na Niyibizi. Kwanza tulibana mshono kwa jeki na vipande vya chuma hadi midomo ya bati ikakutana. Kisha, kabla ya kuwasha umeme, alinishika kiwiko akaupitisha mkono wangu kwenye njia yote ya ufa, akarudia, akarudia tena. Nilihisi bega langu likianza kuijua njia. Alipoondoa mkono wake niliweka wangu pale pale ulipokuwa.

"Sasa washa," alisema.

Sitasema kwamba vidole viliacha kutetemeka. Vilitetemeka, lakini kiwiko kilikuwa kimekaa kwenye kiganja kama bakuli la uji, na mwendo ulitoka begani. Nilichomelea kipande kifupi, nikapumzika, kikafuata kingine. Nilipotoka chini shati lilikuwa limelowa jasho.

Tulijaza maji kutoka kisimani kwa madebe, na majirani wakasaidia. Domisiana alileta majivu makavu ya jikoni, akayapakaza kwenye mshono wote, maana majivu hayafichi unyevu. Tukasubiri. Sehemu moja, karibu na mwisho, ikageuka nyeusi.

Nilimtazama Yahaya. Safari hii hakunitania.

"Hapo nilikuwa nimechoka," nilisema. "Mwaga maji. Naparudia."

Nikaparudia. Majivu ya mara ya pili yalibaki meupe hadi kivuli cha boza kilipovuka barabara. Yahaya alipiga honi bila sababu yoyote, akapanda na kuwasha gari. "Fundi," aliita dirishani, "kesho nakuletea trela. Na Suleman nitamwambia mimi mwenyewe, akatafute mashine kwingine."

Niyibizi alirudi mara nyingi kunywa uji, hadi kwao kulipotulia akavuka mpaka na familia yake. Sikuwa na zawadi ya kumtosha. Kazi ninayofanya hadi leo ni yake kwa nusu, na nusu ni ya mke wangu.

Siku ya kuaga alisimama mlangoni mwa karakana. Nilimpa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini ya kiwiko, naye akafanya vivyo hivyo. Aliushika wangu kwa muda mrefu, akiupima kama fundi anavyopima chuma.

"Umetulia," alisema.

"Umefundishwa," nikamjibu.