Maporomoko Yaliyofungwa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepata kazi. Tangu nimalize chuo, shahada ya utalii na uhifadhi, ndoto zangu nyingi hazifiki hata hapo, kwa hiyo nilifurahi sana kabla sijaanza kushangaa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuongoza wageni katika hifadhi ya msitu iliyo juu ya kijiji chetu. Mgeni wangu wa kwanza alikuwa shangazi Eliwaza.

"Shikamoo, shangazi. Nianze na historia ya hifadhi?"

"Marahaba, baba. Usinichoshe. Nipeleke kwenye maji."

Nilijua maji gani. Shangazi alizaliwa jirani na maporomoko ya Kwembago, kabla msitu haujawekewa mipaka, na mama yake alikuwa akimwogesha pale. Sasa mwanawe Hozza anamhamishia Dar es Salaam, kuhama kabisa, kwa basi la alfajiri ya leo. Hilo halikuwa ndoto. Hata nikiwa macho lilikuwa linaniuma, maana siku hizi watu hawaruhusiwi kufika kule, na yeye alikuwa na ombi moja tu: ayaone maji yale kabla hajaondoka.

Langoni, ubao wa ramani ulikohoa.

"Mgeni aambatane na mwongozaji wakati wote," ulisema.

Hapo hapo ndege wawili, hondohondo, wakashuka na sindano midomoni, wakaushona mkono wa shati langu kwenye mkono wa gauni la shangazi.

"Hapa mmeruka," shangazi aliwaambia. "Rudieni."

Wakarudia. Ubao ukamvika shangazi kitambulisho shingoni kilichoandikwa MGENI, kisha ukasema tusitoke nje ya njia. Tukaahidi. Njia ikasimama, ikajinyoosha mgongo, ikaondoka.

Tunakimbia juu yake. Sijui inaelekea wapi, na nimevaa kofia ya mtu anayejua. Inapita katikati ya banda la vipepeo. Vipepeo wamekaa kwenye viti, wanatutazama, na mmoja anawaeleza wenzake kwamba huyu wa kushoto ni dume na bado hajaoa.

"Kweli kabisa," shangazi anawaambia. "Na sababu hata sisi hatuijui."

Njia inapanda mlimani, mahali wageni wanapotazamia mandhari. Nachungulia nimwonyeshe shangazi tambarare. Naliona jiko la mama, na mama anageuza maandazi.

"Mandhari iko kwenye matengenezo," mlima unasema. "Tumeweka hii kwa muda."

Naomba radhi. Sielewi kwa nini ninayeomba radhi ni mimi.

Kwenye daraja la kamba tunakwama. Daraja linataka tuvuke mmoja mmoja.

"Tumeshonwa," nikalieleza. "Kanuni ya langoni."

Daraja lilibembea kidogo, likifikiri. "Basi nyinyi ni mmoja," likasema. "Miguu minne. Piteni, lakini msigombane katikati."

Tulivuka bila kugombana. Ng'ambo ya pili njia ililala chini, ikakataa kuendelea. Tulikuwa Kwembago.

Maji yalikuwa yamesimama hewani. Hayakuanguka wala kupanda, yalining'inia tu kama pazia lililopigwa pasi. Mbele yake alikaa kinyonga aliyevaa sare, jicho moja kwangu, jicho moja kwa shangazi.

"Pamefungwa," alisema. Alichukua muda mrefu kulisema hilo, hata sare yake ikabadilika kutoka kijani kuwa kahawia kabla hajamaliza.

"Panafunguliwa lini?"

"Mwenyewe akimkaribisha mgeni."

"Mwenyewe ni nani?"

Akanigeukia kwa lile jicho lililokuwa kwangu. "Wewe ndiye umesoma."

Nikavuta pumzi. Nikamwambia msitu huu ni urithi wa binadamu wote, waliopo na watakaozaliwa. Nilisema vizuri. Mambo hayo nayaamini hata nikiwa usingizini.

"Sawa," kinyonga akasema. "Waite hao binadamu wote, waje waseme karibu."

Sikuwa na namba yao.

"Ninyi mnapenda kuongea," shangazi alisema. "Mtu akifika mlangoni anabisha." Akajiweka sawa, akaita kwa sauti, "Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa!"

Kimya.

"Hodi, wenyewe!"

Hata jani halikutikisika. Shangazi akageuka, nami nikageuka, kwa kuwa tulikuwa tumeshonwa.

"Twende, baba. Wenyewe hawapo."

Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikamzuia. "Tubishe tena, shangazi. Mara moja tu."

"Mara tatu ni adabu. Ya nne ni ujambazi."

Tunapiga hatua ya kwanza ya kurudi. Nyuma yetu kitu kinasema, taratibu, kwa aibu:

"Hodi?"

Tunatazamana. Kinyonga anatazama pande zote mbili.

"Nani?" anauliza shangazi.

"Mimi, maji. Nimesimama hapa tangu asubuhi. Nasikia watu wanabisha, nami nabisha, lakini hakuna anayejibu. Mwenyewe yupo?"

Shangazi anautazama mwamba. Anaitazama mizizi iliyoukumbatia, na jiwe bapa ambalo mama yake alikuwa akimkalisha juu yake akimwogesha.

"Mama yangu!" anasema. "Nimebisha hodi kwetu. Ningejibiwa na nani?"

Anavua kitambulisho, anamvika kinyonga. Anafuta mikono kwenye gauni kama mwanamke aliyetoka jikoni kupokea watu.

"Karibu!" anaita. "Karibu ndani! Ingia tu, usivue viatu."

Na maji yakaingia. Yaliingia yote kwa pamoja, yakatuangukia vichwani, na shangazi akapiga ukelele kama mtoto anayeogeshwa.

Hapo nikaamka.

Kumekucha. Shuka langu kavu, nywele zangu kavu, na simu inaita. Ni shangazi, na nyuma yake injini ya basi inanguruma.

"Shikamoo, shangazi. Mmefika wapi?"

"Marahaba. Tumeipita Muheza. Hebu niambie, baba, wewe uliyesoma. Nilisinzia kidogo tu, sasa konda ananigombeza. Anasema nimelowesha kiti kizima. Mvua hakuna, dirisha limefungwa, chupa yangu ya maji sijaifungua. Nimelowa mpaka nywele."

Nilikaa kitandani.

"Pole, shangazi. Maji yenyewe ni ya baridi?"

"Kama zamani tu," akajibu, na nikamsikia anafungua dirisha, anakamua nguo yake nje.