Chini ya Bati la Jaku

Bibi yangu, Bi Mashavu, aliniruhusu kumtia kwenye filamu yangu kwa sharti moja: haitoki nje ya nyumba mpaka yeye aione kwanza. Nilikubali haraka, maana siku za kukabidhi kazi chuoni zilikuwa zinakwisha na sikuwa na mtu mwingine. Tena Bibi alikuwa na kitu kizuri cha kurikodi, kikapu chake.

Tunakaa ghorofa ya tano, Michenzani. Tangu magoti yamgomee, Bibi hateremki. Kila asubuhi hufunga kamba kwenye kikapu, hutia pesa ndani, akakiteremsha dirishani mpaka kwenye kibanda cha Jaku, muuza mboga. Kikapu huzama chini ya ukingo wa bati, hukaa kidogo, kisha kamba hutikiswa na Bibi huvuta. Hupanda na nazi, tungule na mchicha, vyote vya kuchagua.

"Jaku ana jicho," husema Bibi. "Hajanitilia kitu kibovu hata siku moja."

Wiki nzima nilirikodi kutoka dirishani, Bibi akaona, akaridhia. Mwalimu Ridhwan akaitazama kazi yangu, akapiga miayo mbele ya darasa.

"Nadra, umekaa juu kama kunguru. Kila mtu ni utosi tu. Teremka, iweke kamera chini itazame juu, halafu isogeze karibu na mikono. Pembe ikibadilika, na habari hubadilika."

Nilikasirika. Kilichonikasirisha zaidi ni kuwa alisema kweli.

Asubuhi iliyofuata nilimwacha Bibi na kamba yake, nikateremka, nikaiegemeza simu kwenye gunia la mbatata. Kutoka pale chini jumba lote lilinisimamia kichwani, na kikapu kilikuwa kitone kinachokua. Kikazama chini ya bati. Jaku hakukigusa. Aliyenyoosha mkono alikuwa Bi Sichana.

Hapa lazima nieleze. Bi Sichana anakaa ghorofa ya chini ya jumba letu. Yeye na Bibi walikuwa chanda na pete tangu utotoni. Hapakuwa na harusi mtaani wasiyoipikia pamoja. Mwaka jana Bi Sichana alimwoza mjukuu wake, akamwonea huruma Bibi kwa magoti yake, asimwite jikoni. Bibi akaona ametupwa. Akatuma maneno: asikanyage mlango wangu. Tangu hapo hawasemezani, na jioni Bibi hukaa dirishani peke yake kama mfiwa. Ilikuwa ikiniuma sana.

Sasa Bi Sichana alikuwa akigonga nazi na kuzitikisa sikioni. Akachagua moja, akaitia chini kikapuni, na tungule juu yake zisipondeke. Ndipo alipoiona simu.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba. Hicho kinarikodi?"

"Ndiyo."

"Basi futa. Bibi yako akijua ni mimi, hatokula. Nnamjua yule."

"Kwani ni wewe kila siku?"

"Jaku hajui nazi," alisema. Jaku akacheka wala hakubisha.

Nikamwomba anipe japo mikono. Akafikiri, akaitikisa kamba, kikapu kikapanda.

"Mikono haina jina," akasema mwisho. "Lakini uso wangu usionekane. Kesho nichukue vidole, na hii ya leo ifute."

Nikaifuta. Kesho yake nikaisogeza simu karibu mpaka picha ikajaa vidole na nazi, basi.

Jioni nikamwonesha Bibi. Alicheka kuiona kamba yake ikitetemeka, akalalamika kuwa nimemwonesha na pazia chafu. Kisha ikaja mikono.

"Simamisha."

Nikasimamisha.

"Kidole hicho."

Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda kwenye ncha. Sikuwa nimewahi kukiangalia maishani mwangu.

"Usinambie ni Jaku," alisema Bibi. "Kidole hicho kilibanwa na mfuniko wa sufuria la pilau, harusi ya mama yako. Mimi ndiye niliyekifunga, kwa upindo wa kanga yangu. Nikakifunga vibaya."

Nilikuwa nimeificha sura ya mtu, kumbe nimemtaja.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku, Bibi."

Akalia bila ya kujificha, na mimi nikalia naye.

Asubuhi alisimama dirishani, kikapu kikiwa bado kwenye msumari wake. Nikasimama pembeni na simu yangu.

"Sichana!" akaita, kwa sauti ile ya kuamrisha masufuria.

Chini, Jaku aliacha kupanga mchicha. Kisha Bi Sichana akatoka chini ya bati, nazi mkononi, akainua uso.

"Abee!"

"Mimi leo sishushi kikapu. Panda nayo mwenyewe!"

Mwalimu anasema picha ya kutoka juu humfanya mtu aonekane mdogo. Mimi sikuona udogo wowote kwenye uso ule. Bi Sichana alifuta macho kwa ukingo wa kanga, akaelekea ngazini.

Bibi alikuwa keshafika mlangoni, anavuta komeo.

"Na wewe iweke hiyo simu, kabandike chai," akaniambia.

Niliiacha dirishani bila ya kuizima. Nilipokuja kuitazama, ilikuwa imechukua msumari na kikapu kitupu tu, na nyuma yake sauti ya Bibi ikipiga kelele ngazini:

"Pumzika hapo ghorofa ya tatu, Sichana! Mimi nipo, nakwenda wapi na magoti haya!"

Filamu nikaimalizia hapo.