Taa Zinaonyesha Sawasawa

Lori la bendi lilikuwa limeshaanza kutembea Fundi alipovutwa juu kwa mkanda wa begi, kinanda amekikumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Panda, dada, panda! Harusi haimsubiri fundi!" alifoka Kamanda, kiongozi wa bendi, mtu wa kufoka hata akiomba chumvi.

Fundi akaangukia magotini pa mjomba wake. Huyu mjomba ndiye mpiga kinanda, na ndiye aliyemlea Fundi tangu mama yake afariki, akamsomesha ufundi kwa pesa ya vidole vyake hivyo hivyo. Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha, yamebaki kutofautisha dirisha na ukuta. Waliojua ni Fundi na mke wa Mjomba tu. Kamanda angejua, mzee angekuwa nje ya bendi siku hiyo hiyo.

"Kimepona?"

"Kipya kabisa, Mjomba."

Mzee akapitisha vidole usoni pa kinanda. Pale palipokuwa na swichi ya kuzungusha, nene kama kopo la dawa ya viatu, iliyochagua sauti kwa kugonga ka, ka, ka, alikuta kibonyezo kama punje ya mahindi.

"Kirungu changu kiko wapi?"

"Swichi zile madukani hazipo tena. Nimeweka chipu mbili. Moja inahesabu unavyobonyeza, nyingine inafungua njia ya sauti. Zote zinaenea kwenye kiberiti! Ukibonyeza sauti inahama, na taa inakuonyesha uko wapi."

"Taa," akasema mzee. Kisha, taratibu: "Zuri, mwanangu."

Hapo ndipo Fundi alipokumbuka. Wiki nzima alikuwa akiitembeza kazi ile karakanani, watu waone ilivyo ndogo, na macho ya mzee hayakumjia akilini hata mara moja.

Akamwinamia sikioni. "Hesabu. Ukiwasha inaanzia ogani. Bonyeza mara moja, fidla. Tena, filimbi. Mwishoni ni za mzaha, king'ora na wenzake."

"Nitahesabu. Kwani mimi mjinga?"

Lililobaki hakulisema. Ili ianzie ogani kila inapowashwa, ilihitaji kapasita moja zaidi, kijidude cha kutunza umeme kidogo, na yeye aliiacha kwa sababu ingeharibu udogo wa ubao wake. Karakanani ilianzia ogani karibu kila mara. Karibu.

Ukumbini mambo yalikwenda vizuri hadi umeme ulipokatika na jenereta ikapokea. Swichi ya zamani isingejali. Ingebaki pale ilipoachwa. Chipu iliamkia ilikotaka. Maharusi wakaingia kwa mwendo wa pole, mzee akashusha mikono yote miwili, na kikatoka king'ora.

"Zimamoto wamefika!" akapiga kelele mmoja wa wageni, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mzee akabonyeza. Ngurumo. Akabonyeza tena. Mluzi. Bibi harusi alisimama katikati ya zulia akaanza kulia.

Baadaye, nyuma ya jukwaa, mafundi sauti wa ukumbi walikuwa wamekiinamia kinanda, wamefungua mfuniko, wanaisifu kazi ya Fundi. Kamanda akafika, shati limeloa.

"Dada, niambie kweli. Ni mashine au ni mzee?"

Mafundi sauti wakainua vichwa wamsikilize.

"Mashine ni nzima," akasema Fundi. "Taa zinaonyesha sawasawa."

Kamanda akachomoa waya wa kinanda ukutani, kimya kimya, kisha akamgeukia Mjomba aliyekaa kando. "Mzee wangu, hebu niambie, taa ipi inawaka?"

Mjomba akainamisha uso kwenye kinanda. "Ya kwanza."

Hakuna taa iliyokuwa ikiwaka. Fundi akafungua mdomo.

"Nini?" akauliza Kamanda.

"Hakuna kitu."

Mjomba alirudishwa kwa lori lile lile, amekaa mbele na dereva. Hakupiga tena. Yeye na mkewe walihamia kwa binti yao mkubwa, akawa mtu wa kusikiliza redio tu, na mwaka wa pili presha ikamchukua. Kamanda aliajiri kijana wa hotelini. Bendi ikavunjika kwa ugomvi wa spika. Maharusi wana watoto watatu. Mmoja wa mafundi sauti alimtafutia Fundi wateja, na vibonyezo vyake sasa vinaagizwa kutoka mbali. Mke wa Mjomba bado humwekea chakula akipita. Fundi hula, huosha sahani, huondoka.