Nyonga ya Eleuterio

Sisi wa Oruro, mji wa wachimba madini, mtu akianza kuhema, tunajua tayari atakufa na nini. Vumbi la mgodi lilimchukua baba mkwe wangu, likarudi kuwachukua shemeji zangu wawili. Kwa hiyo mume wangu Eleuterio alipoanza kusimama katikati ya kilima kutafuta pumzi, hakuna aliyeuliza swali. Hata mimi, ambaye mtaa mzima unanijua kwa mdomo, nilinyamaza nikaenda kumchemshia majani ya mkaratusi.

Mapafu tu. Nyonga nani angeifikiria? Nyonga ilikuwa ndiyo furaha yetu.

Kabla ya hapo alikuwa akijiburuta, mkono mmoja ukutani, mifupa imesagika kwa miaka ya kuchimba akiwa amejikunja. Akaweka nadhiri kwa Bikira wa Mgodini, mlinzi wa wachimbaji: akipona, atamchezea kanivali tatu, kama ilivyo desturi yetu kila mwaka, ndani ya vazi zima la shetani, kinyago na pembe zake. Haukupita muda akaja daktari mgeni, akamtia nyonga mpya, kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha chuma. Eleuterio akasimama. Akacheza. Nilimfuata njia nzima nikilia, wala sioni haya kusema. Mwaka wa tatu, alipoingia kanisani kwa magoti kama waingiavyo wachezaji wote, dada yake Saturnina alinishika mkono.

"Wifi, mguu huu si wa daktari tena. Ni wa Bikira."

Ukawa wa Bikira, na kitu cha Bikira hakinung'unikiwi. Siku moja niliposema kwamba nyonga inalia kama bawaba kila anapoinuka kitini, labda mtu aitazame, Saturnina alinijibu kwamba shukrani ya punda ni mateke. Eleuterio mwenyewe aliipapasa, akasema inamsalimia.

Masikio yalipoanza kuziba, tukasema ni baruti. Mikono ilipoanza kutetemeka, tukasema ni pombe ya ujana inadai haki yake. Kisha chakula kikawa na ladha ya msumari mdomoni mwake. Akaisukuma supu ya viazi vikavu niliyoiamkia alfajiri, nami nikamwambia kama mapishi yangu yamemchosha, aoe mwingine. Alicheka, lakini hakuwa amesikia. Alicheka kwa kuona midomo yangu inachezacheza.

Hospitali walimpiga picha ya kifua wakaona makovu. Kweli yalikuwepo, mchimbaji gani hapa hana? Wakampa dawa ya kuvuta, tukarudi nyumbani. Miguu ikaanza kuvimba, tukaenda tena, tukapewa ileile.

Aliyegundua ni Daktari Ibáñez, msichana wa Tarija, huko kwenye mizabibu, asiyejua lolote la migodi. Pengine ndiyo maana aliuliza. Alisema makovu yale ni madogo mno kumfikisha mtu pale, halafu akataka kujua kama ana chuma chochote mwilini. Mimi ndiye niliyejibu, tena kwa majivuno. Akachukua damu akaipeleka kupimwa mbali.

Majibu yalipokuja alinieleza taratibu. Vile vyuma viwili vilikuwa vikisuguana na kulika ndani kwa ndani, vikitoa vichembe visivyoonekana kwa macho. Kobalti, madini yaliyomo kwenye chuma kile, ilikuwa imejaa kwenye damu, ikala masikio, ikala mishipa ya fahamu, ikafika kwenye moyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tukikisaka mapafuni. Niliwachukia wote siku ile: mgeni na chuma chake, Saturnina na Bikira wake, na mji huu unaodhani kila kifo ni mali ya mgodi.

Tiba ilikuwa kukitoa kile chuma, lakini kwanza moyo upate nguvu ya kuhimili kisu. Akapewa dawa za moyo, tukaambiwa turudi baada ya baridi. Nilimlisha kama mtoto. Nilimkataza hata kuinua ndoo. Tuliporudi, daktari alimpima, akamwacha akae kwenye benchi la nje, akaniita peke yangu.

"Moyo umezidi kuchoka, mama. Nikimlaza kwa upasuaji, hataamka."

"Kwa hiyo kinakaa humo humo."

"Kinakaa."

"Na kinaendelea kumla."

Macho yalimjaa maji, binti wa watu. Nilimwonea huruma, nami sikuwa na huruma ya kugawa.

Nilitoka nje. Eleuterio alikuwa ameketi wima, kofia magotini, akiisubiri midomo yangu.

"Wamesemaje? Ni mgodi?"

Watu walikuwa wamejaa benchi zima. Ili asikie, ningelazimika kupiga kelele. Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Akashusha pumzi, uso wote ukalegea.

"Afadhali, mke wangu. Nilidhani ni huu mguu. Nikawa najiuliza, nitamwambia nini Bikira?"

Akavaa kofia, akainuka bila kunishika, akatangulia kwenda mlangoni kwa mguu wake usiouma. Hatua chache tu akasimama kuhema, nikamfikia.