Debe la Mwalimu Tusajigwe

Mwalimu Tusajigwe alikuwa na mapenzi mawili: uhamisho na mahindi. Uhamisho alimwachia Mungu na ofisi ya elimu, na wote wawili walikuwa bado wanatafakari. Mahindi aliyashughulikia mwenyewe, kila Jumamosi.

Mumewe, Raphael, alikuwa Malangali, mjini Sumbawanga, pamoja na binti yao Jenifa, ambaye alikuwa analelewa na wifi mtu. Tusajigwe alikuwa huku kijijini, upande wa Mwazye, akifundisha Hisabati Darasa la Tano na kumwona mwanawe likizo kwa likizo. Alipoondoka, mtoto alikuwa hajaota meno ya kutosha kutafuna ugali. Sasa anaongea kama mkalimani, na yote hayo mama yake aliyasikia kwenye simu, mtandao ukipenda.

Basi katika kujipoza, akawa ananunua mahindi ya wazazi wa wanafunzi wake na kuyauza kwa wachuuzi wa Kasesya, kule mpakani. Debe lilikuwa lake, na sheria za debe zilikuwa zake. Likijaa usawa wa mdomo, halijajaa. "Ongeza, mama, acha mkono wa birika!" Mama wa watu anaongeza. Mahindi yanapanda, yanafanya kilima, yanaanza kudondoka chini, ndipo mwalimu anaachia tabasamu: "Haya, moja." Yaliyodondoka nayo hayarudi kwa mwenyewe, maana mwalimu ni mtu wa usafi. Wala si yeye aliyeanzisha, jamani. Alikuta wanunuzi wote wanapima hivyo, akaona si adabu mgeni wa kutoka Mbeya kuja kuvunja mila za wenyeji.

Siku moja mwalimu mkuu, mzee Modesti, akamwita ofisini.

"Mdhibiti ubora wa shule anakuja Alhamisi, Bwana Loth. Anataka somo la kukadiria desimali, tena kwa zana za kuonekana kwa macho. Huyu akikusemea neno zuri ofisini, uhamisho wako umeiva. Ukimuudhi, binti yangu, tutakuzika hapa hapa. Kwaya tunayo nzuri."

Usingizi ukamruka. Alichukua dumu la maji ya kunywa, lile kubwa jeupe linaloonyesha mpaka ndani, akalikata shingo, akalichora mistari kumi ubavuni kwa kalamu nyeusi. Sifuri chini, moja juu kabisa mdomoni. Hili ndilo debe, mtoto atajionea mwenyewe: mahindi yakiwa chini ya nusu, yako karibu na sifuri, kadiria sifuri. Yakifika nusu au kuzidi, kadiria moja. Kwenye semina walisema mtoto wa kijijini afundishwe kwa vitu vya kijijini. Na kuna kitu gani cha kijijini kuliko debe la mahindi? Alijipongeza sana, maskini.

Alhamisi Bwana Loth akaketi nyuma kwenye dawati la watoto, magoti kidevuni, peni mkononi. Tusajigwe akamimina mahindi hadi mstari wa tatu.

"Sifuri nukta tatu. Tukikadiria tunapata ngapi?"

"Sifuri, Mwalimu!"

Bwana Loth akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tusajigwe akaiona Malangali ile pale, mpaka na mabati ya nyumba. Akamimina tena, hadi mstari wa tisa.

"Sifuri nukta tisa. Haya, iko karibu na sifuri au karibu na moja?"

"Sifuriii!" Darasa zima, kwa sauti moja.

"Tazameni vizuri, wapenzi wangu." Hilo neno wapenzi walilisikia kwa mara ya kwanza. "Si mnaona kimebaki kidogo tu?"

Hilaria, binti wa Mama Coleta, yule muuzaji wa kila Jumamosi, akanyoosha mkono. "Halijajaa, Mwalimu. Debe ambalo halijajaa si debe."

Jasho likamtoka kwenye baridi ile ya Ufipa. Akamimina mpaka mdomoni, akasawazisha kwa kiganja. "Sasa je? Si ndiyo moja hii?"

Watoto wakatazamana. Walimhurumia kweli. Wakamjibu polepole, wasimwaibishe mbele ya mgeni: "Bado, Mwalimu."

Hapo Hilaria, mtoto mwenye roho nzuri kuliko inavyotakiwa, akainuka kumwokoa mwalimu wake. Akachota mahindi kwenye gunia kwa mikono miwili, akayarundika juu ya dumu. Akachota tena. Kilima kikainuka, punje zikaanza kurukaruka sakafuni, na darasa likapaza sauti kwa furaha, likilivuta neno vile vile kama mwalimu Jumamosi:

"Haya, mojaaa!"

Peni ya Bwana Loth ikasimama. "Nani amewafundisha kwamba debe ni mpaka limwagike?"

"Mwalimu!" wakajibu, nyuso zinang'aa, maana waliona anasifiwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba atakua siku ya ukaguzi.

Tusajigwe alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ikakaa kimya. Akamfikiria Jenifa, akafikiria na magunia yake yaliyo stoo, na kwa sekunde chache, niseme ukweli, mizani ilisitasita. Kisha akachukua rula, akaipitisha mdomoni mwa dumu, kilima chote kikaenda chini.

"Hii ndiyo moja," akasema. "Usawa wa mdomo. Kilichozidi ni mali ya mwenye mahindi."

"Hata nyumbani, Mwalimu?" akauliza Hilaria.

Bwana Loth akainua macho kusikia jibu.

"Hata nyumbani."

Loo! Utafikiri amewafungulia dirisha. Nukta tisa? Moja! Nukta sita? Moja! Nukta nne? Sifuri! Na nusu kamili? Nayo inapanda, kwa makubaliano, akawaeleza. Wakaelewa wote, hata wale wa nyuma ambao kazi yao siku zote ilikuwa kuhesabu mbao za paa. Bwana Loth akapiga makofi.

Jumamosi Mama Coleta akafika uani kwa mwalimu na debe limevuka nusu kidogo tu. Nyuma yake foleni ya wazazi, kila mmoja na debe lake limevuka nusu kidogo tu.

"Shikamoo, Mwalimu," Hilaria akasalimia kwanza, kisha akaonyesha debe la mama yake. "Nukta sita. Inapanda."

"Hilaria, mwanangu, ile ni ya darasani."

"Ulisema hata nyumbani," Mama Coleta akamkumbusha kwa upole wote wa Kifipa. "Sisi hatukusoma, mwalimu. Tunafuata tu elimu ya watoto."

Angebishana, lakini angebishana na nini? Akapokea na kulipa, debe baada ya debe, moja, moja, moja. Moyoni alikuwa anacheka. Kuleni, ndugu zangu, kuleni mnenepe. Mtu anayeondoka hagombanii punje. Jioni ile akafungasha vyombo.

Wiki iliyofuata mzee Modesti akaingia ofisi ya walimu amebeba ripoti kama sadaka.

"Mwalimu Tusajigwe, umetutoa kimasomaso! Mdhibiti anasema katika kazi yake yote hajaona mwalimu anayeyajua mazingira ya kijijini namna hii. Ameshauri usihamishwe kabisa. Anasema mjini walimu wamejaa, kukupeleka kule ni hasara kwa taifa. Ubaki, na shule za jirani zije kujifunza kwako. Na ofisi imekubali!" Akamshika mkono, akautikisa weee. "Hongera sana!"

"Ahsante, mzee," akasema Tusajigwe.

Jioni akapanda kichuguu cha nyuma ya nyumba, penye mtandao, akampigia Raphael, akamweleza yote. 

"Pole, mke wangu," akasema Raphael. "Ngoja nikupe mtoto uongee naye."

Ikasikika simu inabadilishwa mkono, pumzi ndogo karibu na sikio, na Raphael kwa mbali akihimiza, "Msalimie, basi. Si unajua ni nani huyo?"

"Najua," akasema Jenifa. "Shikamoo, Mwalimu."