Mtani wa Paskalina

Wakati huo Wadachi walikuwa hawajatia bendera Bagamoyo. Padre wa misheni alikuwa na vijana wake wachache aliokuwa akiwaandaa kwenda bara kufundisha, na kabla hawajaenda aliwapa somo ambalo halikuwa la hesabu wala la sala. Lilikuwa somo la watu: nani humwamkia mwenziwe kwanza, nani hula sinia moja na nani, mtu akifa nani huchimba kaburi. Kila kijana alipewa jambo lake, akakae na watu wa mjini, kisha arudi awaeleze wenziwe alichokikuta, siyo alichokipenda. Raymundi alipewa posa. Gaspari alipewa utani.

Mwalimu wa Gaspari katika hayo alikuwa Mzee Kibwana, Mzaramo mchimba visima, ambaye wakati huo alikuwa akichimba kisima kipya cha misheni. Kibwana alimweleza kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Hutukanana wasikasirikiane. Mmoja akifiwa, mtani huja akachimba, akaingia kaburini, akamsema maiti mbele ya wafiwa, asitoke mpaka akombolewe kwa kuku. Na mfiwa sharti amjibu.

Jioni Gaspari alimsimulia mkewe, Paskalina, aliyekuwa akichekecha unga kwenye ungo wake wenye ukingo ulioshonwa upya kwa ukindu.

"Na mimi je?" aliuliza Paskalina. "Mtani wangu nani?"

Paskalina aliletwa misheni kutoka katika msafara wa watumwa, meno ya mbele yakiwa ndiyo kwanza yameng'oka. Alichokumbuka cha kwao ni mbuzi wengi na baridi ya asubuhi. Mbuzi na baridi viko kila mahali huko bara.

"Basi niulizie," alisema, akipiga ungo kofi. "Nisije nikazikwa kimya kama paka."

Mvua za masika zilipokatika Paskalina akashikwa na homa, na homa haikumwachia. Alfajiri moja Gaspari alimletea uji, akaukuta mkono wake umepoa. Akaweka bakuli chini. Akalifunika kwa kawa, kwa sababu ya nzi. Wanawake wakaja na marekani ya sanda, wakamwuliza sindano iko wapi, akawaonyesha. Hakulia. Alijiona kama mtu anayetazama nyumba ya jirani.

Ndipo alipokwenda kwa Kibwana. Alimkuta barazani pake, njia ya Kaole, akisokota kamba ya makumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo mapema."

"Paskalina amefariki."

Kibwana aliacha kusokota. "Inna lillahi," alisema, kisha, "Mna wachimbaji?"

"Vijana wa misheni wapo. Nimekuja kukuuliza. Mtu asiyejua kabila lake, mtani wake nani?"

"Unaniuliza kwa somo lako, au kwa mkeo?"

Gaspari alifikiri. "Sijui," alisema.

"Alikuwa wa wapi?"

Hapo Gaspari alijua kwamba angesema Unyamwezi, neno hilo moja tu, mzee angeinuka akachukua jembe lake. Wengi pale misheni walijiita Wanyamwezi, na nani angewabishia. Paskalina asingezikwa kimya. Lakini alikuwa ameshazoea kusema alichokikuta.

"Sijui. Na yeye hakujua."

Kibwana aliirudia kamba yake. "Basi nitakujaje, mwanangu? Nikimsema maiti asiye mtani wangu, hayo ni matusi tu. Watu watanipiga, na haki yao."

"Ni kweli, mzee," alisema Gaspari, akarudi.

Alasiri wakamchukua. Padre alikuwa safarini bara, kwa hiyo Raymundi ndiye aliyetangulia na msalaba. Walipofika makaburini wakawakuta vijana waliochimba wamesimama kando na majembe yao, hawajui la kufanya. Ndani ya kaburi amekaa Kibwana, miguu ameinyoosha, kilemba kimejaa udongo.

"Mzee, toka," alisema Raymundi kwa sauti ya chini. "Tunataka kusali."

"Salini. Mimi sitoki. Huyu mliyemleta namjua, ni mwizi wa mbuzi. Mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko kamba yangu ya kisima. Mzikeni huko porini, fisi wapate mtu wa kuzungumza naye."

Watu waliguna. Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo kwa kaniki yake.

Gaspari alisogea ukingoni. "Mzee, nilikwambia kabila lake halijulikani."

"Uliniambia." Kibwana alipunguza sauti. "Ulipoondoka nikakumbuka. Kila alipokuja kuteka maji alinitukana. Kichwa changu dafu, miguu yangu ya korongo. Nami nikimjibu, na siku asiponitukana nikiuliza kama mzima. Nimezeeka, Gaspari. Ningemwachia nani anitukane hivyo kama si mtani wangu?" Kisha akapandisha sauti, wote wasikie. "Nataka kuku. Na mfiwa anijibu, au nilale humu humu."

Gaspari aliutafuta uchungu wake mahali unapokaa uchungu, asiuone. Alichokipata ni maneno ya Paskalina, yale aliyokuwa akimtupia mzee kisimani.

"Toka shimoni, Kibwana," alisema, sauti haipandi wala haishuki. "Vyura wenzio wamekosa pa kulala."

"Ndiyo hayo," alisema Kibwana. "Kuku."

Raymundi aliushusha msalaba begani, akangoja. Gaspari alikwenda nyumbani, akamkamata kuku wa Paskalina, yule kishingo, akarudi naye. Kibwana alimpokea, akakipapasa kifua chake, akasema amekonda kama mwenyewe. Akanyoosha mkono mwingine. Gaspari akamvuta mpaka juu.

Mguuni kuku alikuwa na ukindu mwekundu, alioufunga Paskalina ili asichanganyike na kuku wa jirani. Kibwana aliufungua, akamrudishia Gaspari. Gaspari akaushika mkononi, na Raymundi akaanza kusali.